Waya wa Kengele

Kazi ya kwanza ambayo Kavutha alipewa aifanye peke yake, bila mwanamume wa kumwambia shika ngazi hapo, ilikuwa ya nyumba ya shosho mmoja, bibi mzee, huko Mutuini pembezoni mwa jiji. Kwa miaka sita alikuwa ametambaa juu ya dari za maofisi ya katikati ya jiji akivuta kebo za kompyuta, vumbi limemjaa nywele, na kila kazi ilipokamilika, aliyeitwa mbele kupewa mkono na mwenye ofisi alikuwa mtu mwingine. Kwa hiyo Kilonzo, mkubwa wake, alipomkabidhi kikaratasi chenye ramani ya kufika huko, Februari ya mwaka 2005, alikikunja mara nne akakiweka pamoja na kitambulisho chake.

"Nyumba ni mpya," Kilonzo alimwambia. "Soketi kumi na mbili za mtandao, na simu ya mezani. Siku mbili zinakutosha."

Shosho mwenyewe aliitwa Hannah Waithera. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne, kwanza katika zahanati, kisha, alipostaafu, nyumbani kwake, na tangu Dagoretti mpaka Karen hukosi mtu aliyepokewa duniani na mikono yake. Mwanawe Karanja, aliyefanya kazi ya kompyuta mjini na kuishi Muthangari, alikuwa amemjengea nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, hatua chache tu kutoka ile ya mbao aliyozalia watoto wake wote. Karanja alitaka kila chumba kiwe na soketi ya mtandao ukutani, hata jikoni. Mama yake alikuwa na swali moja tu.

"Na simu yangu itakaa wapi?"

Swali lenyewe halikuwa dogo. Simu ya Mama Hannah ilikuwa ya kijivu, nzito, na ilikuwa imekaa juu ya kimeza katika nyumba ya mbao kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Karanja alikuwa amemnunulia simu ya mkono mara mbili. Ya kwanza ilianguka ndani ya ndoo ya maziwa. Ya pili ilikuwa kabatini, imezimwa, kwa sababu hakuisikia ikilia na vitufe vyake vilimchosha macho. Watu wake walijua namba moja, ile ya nyumbani.

Fundi wa rangi aliyekuwa akimalizia ukuta alisema haiwezekani, soketi za kompyuta ni za kompyuta. Kavutha akamwambia shosho asiwe na wasiwasi. Alimweleza taratibu, wamechuchumaa wote wawili mbele ya soketi ya sebuleni, kwamba ndani ya ile kebo ya bluu mna nyaya nane, na simu haihitaji zaidi ya mbili. Angevuta laini kutoka kwenye mlingoti wa simu hadi kabati dogo la ukumbini ambako kebo zote zilikutana, na pale aiunge moja kwa moja na kebo ya soketi hii, bila kuipitisha kwenye mashine ya mtandao, maana umeme wa simu ungeiunguza.

"Kwa hivyo itatembea na barabara ya kompyuta," alisema Mama Hannah.

"Barabara ni moja, shosho, lakini kila mmoja na upande wake."

Basi akafanya hivyo. Plagi ya simu ilikuwa pana na ya kizamani, haikuingia katika soketi, kwa hiyo aliikata, akaitupia ndani ya mfuko wake wa vifaa, akabana mahali pake plagi ndogo inayong'aa ambayo ilikaa katikati ya soketi. Aliinua mkono wa simu. Mlio wa laini ulikuwa safi. Mama Hannah akampigia mkwewe, wakazungumza mambo ya kabichi kwa robo saa, kisha akamshika Kavutha mikono yote miwili na kumshukuru hadi akaona haya. Hata Karanja alimpigia jioni ile kumpa asante. Kavutha alirudi kwake akiwa ameinua kichwa.

Jambo moja hakulifanya, nalo hakulifikiria kabisa. Hakuipigia ile simu. Kwa mtu wa kompyuta, njia ikishapitisha maneno kwenda, itayapitisha na kurudi. Nani angekaa chini kujiuliza kama simu inaweza kusema na isiweze kuita?

Siku kumi zilipita. Jumamosi moja asubuhi, Kavutha akifua nguo, Karanja alimpigia kutoka Kisumu alikokuwa kikazi. Sauti yake haikuwa sawa.

"Kavutha, nimepigia mama tangu Jumatano. Simu inalia, inalia, hakuna mtu anashika. Jirani naye hapatikani. Mimi siwezi fika leo. Tafadhali, unaweza enda uone?"

Aliacha nguo ndani ya karai. Njiani alijaribu kuwaza mambo mengine, akashindwa. Alimwona yule mama ameanguka bafuni, juu ya vigae vipya vinavyoteleza, simu ikiita kwa siku tatu chumba cha pili. Na alipokaribia lile boma aliona lango limeachwa wazi, na kutoka ndani akasikia sauti za wanawake wengi wakiimba wimbo wa kanisani, polepole, wa kufariji.

Alishika mwimo wa lango akasimama pale, asijue aingie vipi. Uani palikuwa na wanawake kama ishirini wamevaa vizuri, wengine na vitambaa vyeupe kichwani, na chini kando yao kulikuwa na vikapu vya ndizi, unga, sukari na sufuria kubwa mbili zilizofunikwa. Matanga, aliwaza. Nimefika kwenye matanga.

Hapo mlango wa jikoni ukafunguliwa kwa kishindo, na Mama Hannah akatoka amebeba birika la chai, amekunja uso.

"Sasa nyinyi mnaniimbia nini na mimi niko hai? Shikeni vikombe!"

Kavutha alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Alitoa simu yake, akampigia Karanja na kumwambia maneno manne tu, "Yuko mzima, anapeana chai," akasikia yule mwanamume mkubwa akishusha pumzi ndefu huko aliko.

Aliyemweleza mambo yalivyokuwa ni mwanamke mmoja mnene mwenye sauti ya sokoni, jina lake Anita, aliyeuza vitambaa Kawangware. Mama Hannah alikuwa amemzalisha watoto watatu.

"Mimi humpigia kila Jumapili," alisema Anita. "Hii juzi nikapiga, kimya. Nikauliza huyu, naye amepiga, kimya. Yule naye hivyo hivyo. Tukasema huyu mama ni mgonjwa, ama ni ile kitu ingine hatutaki kusema. Tukachanga, tukakuja. Tunafika, tunampata anapalilia!"

Wanawake waliangua kicheko. Lakini Mama Hannah hakucheka. Aliweka birika chini, akakaa juu ya kigoda, na kwa mara ya kwanza Kavutha alimwona jinsi alivyokuwa mzee.

"Mlikuwa mnapiga?" aliuliza.

"Kila siku, mama."

"Mimi nilikuwa nakaa hapo karibu nayo. Nikapeleka kiti karibu. Siku ya kwanza nikasema wako kazini. Ya tano nikasema, sawa, watu wamechoka na mimi." Alifuta vidole kwa leso. "Nilifikiri kutoka ile nyumba kumenitoa kwa akili ya watu. Nikasema si vibaya, kila kitu iko na wakati wake."

"Si ungepiga wewe?" alisema Anita kwa upole.

"Kupigia mtu nimwulize mbona hunikumbuki? Siwezi."

Kavutha alihisi uso ukimwaka moto. Angeweza kusema laini ina kasoro, wenye laini walaumiwe. Nani pale angejua? Lakini alipomtazama yule mama, maneno hayo yalikataa kutoka.

"Shosho, hakuna mtu alikusahau," alisema. "Ni mimi. Simu niliifunga vibaya."

Aliingia sebuleni, na wanawake wakamfuata wakajaa mlangoni. Alipiga namba ya nyumba kwa simu yake ya mkono. Sikioni mwake ilikuwa ikiita vizuri kabisa. Juu ya meza, ile simu ya kijivu ilikaa kimya. Aliinua mkono wa simu hiyo, na papo hapo akasikia pumzi zake mwenyewe zikitoka upande wa pili. Laini ilikuwa nzima, na bado kengele ilikuwa imekufa. Alifungua soketi, akakagua kila waya, akaenda kwenye kabati la ukumbini, akarudi. Hakupata kosa. Kila kitu kilikuwa kama alivyojua kinapaswa kuwa, na hapo ndipo alipoelewa kwamba hajui vya kutosha.

Mtu wa kumwuliza alikuwa mmoja. Mwaka uliotangulia, Kavutha alikuwa amefunga mtandao katika jengo moja refu mjini, na katika mapokezi ya jengo hilo alikaa mama aliyeitwa Phoebe Nthiwa, opereta wa simu tangu zamani. Phoebe hakuwa akiona, surua ilimpofusha akiwa mtoto huko Machakos. Lakini alizijua laini zote mia moja na zaidi kwa vidole, na watu kwa sauti, na katika miezi mitatu ya kazi ile Kavutha alikuwa akila chakula cha mchana nyuma ya meza yake. Jumamosi alifanya kazi hadi saa saba. Kavutha alitazama saa yake, ilikuwa saa sita na dakika tano. Akapiga.

"Habari ya mchana, nikuunganishe na nani?"

"Madam Phoebe, ni Kavutha."

"Kavutha wa ngazi! Wakya?" alimsalimu kwa Kikamba. "Mbona unapumua hivyo? Umekimbizwa?"

Kavutha alimweleza yote kwa haraka. Phoebe alimwacha amalize, akamwambia mpigaji mwingine asubiri kidogo, akarudi.

"Ukiinua unasikia mlio?"

"Nasikia."

"Mtu akipiga, ukiinua, mnasikizana?"

"Vizuri kabisa."

"Basi laini haina neno. Hiyo simu ni ya zamani? Plagi yake ilikuwa pana, na kaulimi kwa upande?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa, sasa haiko. Kwa hivyo ulikata."

Kavutha aliitazama ile plagi ndogo inayong'aa.

"Nilijua," alisema Phoebe. "Nyinyi wa kompyuta mnapenda kukata. Ndani ulipata nyaya ngapi?"

"Nne. Nikatumia mbili."

"Hizo mbili ni za kuongea. Ya tatu ni ya kengele. Na usiitafute kwa mlingoti, haiko huko, kutoka nje zinakuja mbili tu. Hiyo ya tatu inaanzia kwa kile kisanduku cheupe cha ukutani, cha kwanza, kile watu wa simu waliweka. Ndani yake kuna kapasita, ni kadude kadogo tu kama harage. Hicho ndicho kinapea kengele nguvu yake. Kiko wapi hicho kisanduku?"

"Kwa nyumba ya zamani. Ya mbao."

"Na nyumba ya zamani iko wapi?"

Kavutha aligeuka, akachungulia dirishani. Huko ng'ambo ya uani, vijana wawili walikuwa juu ya kile kilichobaki cha nyumba ya mbao, wakishusha mabati. Ukuta wa mbele haukuwapo tena. Mbao zake zilikuwa zimelazwa chini kwa rundo, zikingoja lori la mnunuzi.

"Wanaibomoa," alisema. "Sasa hivi."

"Na bado unaongea na mimi?"

Alitoka mbio akipiga kelele wale vijana wasimame. Anita, ambaye hata hakujua kinachotafutwa, alimfuata mbio vilevile, na wengine nyuma yake. Kavutha aliwaeleza: kisanduku cheupe, ukubwa wa kiganja, kimefungwa kwa skrubu mbili. Basi wale kina mama, na nguo zao za heshima, walikunja leso viunoni wakaanza kupindua ubao mmoja mmoja. Misumari iliwararua sketi. Mmoja alikuta panya, wakatawanyika wakipiga mayowe, wakarudi. Mama Hannah alisimama kando na birika lake akitoa maagizo.

"Ilikuwa ukuta wa kitanda! Si huo, huo ni wa jikoni, unaona moshi!"

Kilipatikana chini kabisa. Ubao wake ulikuwa umejaa maandishi ya penseli kila upande, namba za simu za miaka mingi, nyingine zimekatwa, na kando ya kila namba jina la mama na tarehe aliyotarajiwa kujifungua. Wanawake waliinama juu yake. Anita alijikuta hapo mara tatu. Mwingine alilipata jina la mamake, ambaye sasa ni marehemu, akaligusa kwa kidole kisha akaondoka kando kidogo. Mama Hannah aliwaambia wale vijana ubao huo hauendi na lori.

Kavutha alirudi ndani na kisanduku. Alikifungua kwa bisibisi, na kweli, mle ndani mlikuwa na kile kidude kama harage, kizima, kimefunikwa na vumbi. Alitengeneza kipande kifupi cha kebo kutoka soketi ya mtandao hadi kwenye kisanduku, nyaya mbili kwa skrubu mbili. Halafu akaingiza mkono ndani ya mfuko wa vifaa na kuchakura. Plagi pana aliyoikata bado ilikuwamo, katikati ya vipande vya plastiki na gundi. Aliiunga tena na waya wa simu, rangi kwa rangi, nyaya nne zote safari hii, akazifunga kwa utepe. Watu ishirini walikuwa wakimwangalia. Akaisukuma ndani ya kisanduku, ikaingia kwa mlio mdogo wa kukubali.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Alimpigia Phoebe. "Madam, namba ni hii. Piga tafadhali."

"Kata kwanza."

Akakata. Mtoto mmoja aliyebebwa mgongoni alianza kulia, akashushwa akatiwa titi mdomoni. Kisha simu ikalia.

Ililia kwa nguvu ambayo hakuna aliyeitarajia, kengele ya chuma hasa, ikajaa sebule yote na kutoka hadi uani, na vijana juu ya paa wakageuza vichwa. Wanawake walipiga vigelegele. Kavutha alijikuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, bisibisi mkononi, asijue alikaa saa ngapi. Mama Hannah peke yake hakuwa na haraka. Aliweka birika mezani, akafuta mikono, akakaa katika kile kiti alichokuwa amekisogeza, na alipoinua mkono wa simu kengele ilikuwa imeshalia mara tano.

"Haloo, ni nani?"

Kavutha hakusikia alichosema Phoebe. Alisikia tu upande huu.

"Nasikia vizuri, mama... Ndiyo, imelia... Kumbe wewe ndiye umemwambia?... Aa, asante. Asante sana. Mungu akuweke... Hapana, wamejaa hapa, wamekuja kunizika!" Halafu akacheka, kicheko kirefu cha kutoka tumboni, na kuanzia hapo ilikuwa wazi kwamba hawatamaliza leo. Waliongea juu ya Machakos, juu ya magoti, juu ya namna surua ilivyokuwa ikiua watoto zamani. Saa saba ilipita. Phoebe, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha, bado alikuwa pale.

Zile sufuria zilizoletwa kwa ajili ya mgonjwa zilifunuliwa. Kavutha alipewa sahani ya kwanza, kabla ya wakubwa wake, na alipokataa Anita alimkalisha kwa mkono.

"Nimewapa hofu ya bure," alisema Kavutha. "Na yeye nimempa huzuni siku kumi."

"Sikiza," alisema Anita. "Sisi wote tuko na namba yake. Unajua mara ya mwisho nilifika hapa kwa miguu yangu? Miaka minne. Simu ingekuwa inalia, ningekuwa huku leo? Kula."

Kabla hajaondoka, Mama Hannah alimwita kando, uani, mahali ambapo kelele zilipungua. Hakumpa hotuba. Alimshika mikono, akaigeuza viganja juu, akavitazama vile vidole vilivyochubuliwa na nyaya kama alivyozoea kutazama watoto wachanga, kimoja kimoja.

"Ungesema ni laini," alisema. "Mimi ningeamini."

"Najua, shosho."

"Asante kwa kuniambia ukweli. Hiyo nitaikumbuka kuliko simu." Akamwombea kwa Kikuyu, ombi fupi ambalo Kavutha hakulielewa ila jina lake na neno la mwisho, akamtwika mkungu wa ndizi.

Nusu ya ndizi hizo zilifika mjini Jumatatu. Kavutha aliingia katika lile jengo refu saa mbili asubuhi, akaziweka juu ya meza ya mapokezi. Phoebe alinusa kabla hajaambiwa.

"Za Mutuini," alisema. "Amenipigia jana baada ya kanisa, hapa kwa ofisi, kumbe hakuna mtu alimwambia sifanyi kazi Jumapili. Askari ndiye alishika. Leo ameshapiga tena. Umeniletea kazi."

"Madam Phoebe, nilikuja kusema asante. Bila wewe..."

"Ngoja." Taa moja ya laini iliwaka; kwake taa haikuwa na maana, lakini alisikia mlio wa laini hiyo, akaunganisha mtu na ghorofa ya tisa, akarudi. "Asante nimesikia. Sasa niambie kitu moja. Mimi Jumamosi nilisikia tu ule mlio wa huku kwangu, tuu-tuu, kama simu zote. Yenyewe ililiaje huko?"

Kavutha alitazama nyuma. Watu wanne walikuwa wanasubiri lifti, wamevaa suti. Alifikiri kidogo jinsi ya kuieleza, akaona hakuna maneno. Basi akaegemea meza, akavuta pumzi, na akaiigiza ile kengele kwa sauti yake yote, mara mbili mbili, kama ilivyolia, mpaka wale wa lifti wakageuka na mlinzi akachungulia mlangoni.

Phoebe alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

"Mm," alisema, na uso wote ukamchangamka. "Hiyo ni nzima. Rudia."